Gari la Kupanda Jiwe

Nilikuwa wa haraka, bodaboda Ngamiani,
Abiria wakishuka, roho zao mkononi;
Siku moja nikaruka, nikatua mtaroni,
Goti likafungwa vyuma, nisiinuke mwenyewe.

Nusu mwaka wa kulala, nimehesabu mabati,
Mtoto wa Bi Shamila kaniletea bahati:
Gari bovu la jalala, lililokosa rimoti,
Akasema, “Huna kazi, naomba lifufuliwe.”

Nati nikazilegeza, gia zake za plastiki,
Ekseli ukigeuza, meno yake hayashiki;
Kulipa mbio naweza, lakini mbio sitaki:
Nataka la kutambaa, lipande jiwe kwa jiwe.

Kwa Shehoza nikabeba koki kuukuu tano,
Akaiyeyusha shaba, akachonga gia, meno
Arobaini na saba, kwa tupa, si kwa maneno;
Bei alipoitaja, nikashikwa na kiwewe.

Sevo niliagizia Kariakoo kwa siri,
Mwanasiti kaingia, risiti kaikariri:
“Unga wetu waishia kwenye shingo ya kigari?
Gari gani lisibebe hata kuku na mwanawe?”

Mafuta ya cherehani katika bomba za dawa,
Na springi za peni ndani, shokamzoba zikawa;
Kandambili za chooni zikakatwa, zikapewa
Meno mapana, marefu, ukingo ushikiliwe.

Bodi nikachonga dumu la mafuta, la manjano,
Landirova ya kudumu, ya mkonge, ni mfano;
Baba alishika zamu hadi ikaisha meno,
Mlangoni nikachora namba ile ile iwe.

Rimoti ni ya zamani, waya nikazihamisha,
Antena ya redioni, ya mbao, iliyokwisha;
Nikiwa mbali kitini, kidole chaliondosha:
Goti likae; kidole ndicho sasa kitumiwe.

Kijiwe cha bodaboda, wenzangu wakasimama:
“Hili litakula muda kizingitini kuhama!
Toka Duga hadi Chuda ni safari ya kiama!
Wewe uliyetupita, leo konokono uwe?”

Tukaenda Jumapili Kiomoni kwenye mwamba,
Mawe ya chokaa kali, yamesimama ja nyumba;
Jongoo bila kujali kalipita akitamba,
Watoto wakapaaza: “Jongoo azawadiwe!”

Lilipanda, likafika nusu, pua juu kule;
Kisha chali kupinduka, kama mende, vile vile;
Mara tisa nikashika, nikarudi palepale;
Mara ya kumi, ekseli ikalia kama mwewe.

Nyumbani nikafokea: mota haina misuli!
Betri nikaionea kama hakimu mkali;
Mwanasiti katulia, achambua pilipili,
Kisha akaniuliza, asingoje ajibiwe:

“Mtu na ndoo kichwani akipandisha kilima,
Huinama mbele, chini, au hulalia nyuma?
Wewe betri mgongoni, kama mtoto wa mama!
Lisianguke kwa nini? Huko nyuma itolewe!”

Akaleta chubwi sita za mshipi wa kakake,
Rimu mbele zikapata tatu tatu, ndani yake;
Betri nikaikokota, mbele kabisa ishike;
Wivu nikaumezea, usije ugunduliwe.

Tukarudi wiki ile, naye Mwanasiti kaja;
Gari likanusa mbele, jiwe, tundu moja moja,
Likabinya kwa upole, kama mwenye kukongoja,
Mota ikinong'onea, mwamba usisumbuliwe.

Likafika kileleni, dakika kumi na nane;
Mimi, magongo kwapani, nalia, watu waone;
Mtoto kaja pembeni: “Nipe langu, tuachane,
Limekwisha kufufuka; au sasa lako liwe?”

Nikampa. Tukatwaa njia, mimi nachechea;
Mwanasiti kakohoa, kisha akaniambia:
“Sevo mpya ya kufaa ni bei gani? Nambia.
Ng'ambo ya Mkulumuzi nimeona kubwa jiwe.”